Kusakinisha PostgreSQL kwenye ofisi ndogo: ikishawaka, kazi ndiyo inaanza

Mpakani_Busia

Wadau, salaam. Niko Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni kuziwekea ofisi ndogo kanzidata zao, yaani hifadhi za kumbukumbu kwenye kompyuta: vikundi vya akiba na mikopo, maduka ya pembejeo, zahanati. Karibu kila wiki napigiwa simu na kijana aliyesakinisha PostgreSQL, programu ya kanzidata, ikawaka, akafurahi, halafu ananiuliza, "Sasa nini?" Kwenye simu najibu nusu nusu mpaka muda wa maongezi unaisha. Leo nakaa niandike yote.

Kabla ya amri hata moja, niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma. Kuna kikundi cha akiba kiliniita siku moja, wanachama wake wengi ni akina mama wauza samaki na mahindi. Umeme ulikatika mchana, ukarudi, kompyuta ikawaka, kanzidata ikagoma. Fundi aliyewahudumia kabla yangu alikuwa ameandika kwenye mipangilio mstari huu:

fsync = off

Alisoma mahali kwamba unaongeza kasi, na kasi kweli unaiongeza. Maana yake nitaieleza nikifika kwenye umeme. Lakini faili za kanzidata zilikuwa zimeandikwa nusu, na bakapu (nakala ya tahadhari) ya mwisho ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Tulikaa mezani siku kumi na saba na vijitabu vya wanachama, tukiandika upya kimoja kimoja. Mama mmoja kijitabu chake kilikuwa kimenyeshewa, kurasa zimeshikana. Tukazitenganisha kwa wembe taratibu, yeye amesimama pembeni anatutazama mikono. Zilikuwa shilingi elfu tano tano za kila wiki, mwaka mzima. Tangu siku ile siondoki ofisini kwa mtu kabla sijahakikisha mambo matatu: nani ana ruhusa ya kuingia, umeme ukikatika itakuwaje, na bakapu imewahi kurudishwa au inahifadhiwa tu.

Haya, tuanze. Nachukulia una kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, umeweka Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa Linux. Toleo la PostgreSQL linalokuja nalo ni la 16.

sudo apt update
sudo apt install postgresql

Basi, imesakinishwa. Hakikisha:

pg_lsclusters

Utaona mstari mmoja wenye 16, main, 5432, online. Neno online likiwepo, seva iko hewani. Ukiona down, usianze kufuta na kusakinisha upya. Fungua logi, yaani kumbukumbu za seva, iliyoko /var/log/postgresql/postgresql-16-main.log usome mistari ya mwisho. Mara nyingi sababu imeandikwa pale waziwazi, mtu hakuisoma tu.

Sasa shika mahali vitu vilipo, maana ndipo wengi hupotea. Data zenyewe ziko /var/lib/postgresql/16/main. Mipangilio iko /etc/postgresql/16/main. Ndani ya mipangilio kuna faili mbili za kuzijua kama jina lako: postgresql.conf inayosema seva iishi vipi, na pg_hba.conf inayosema nani aingie kwa mlango upi. Humo humo kuna folda inaitwa conf.d. Mimi siigusi postgresql.conf kabisa. Natengeneza faili langu ndani ya conf.d, nalipa jina ofisi.conf, na kila badiliko langu linakaa humo. Mwenzangu akija baada yangu, anafungua faili moja la mistari minane na kuona yote niliyofanya.

Ingia kama bosi wa kanzidata:

sudo -u postgres psql

Hiyo psql ni programu ya kuandikia amri za kanzidata. Hapa hakuna nenosiri, na watu hushtuka wakidhani pako wazi kwa kila mtu. Sivyo. Njia hii inaitwa peer: seva inauliza mfumo wa Linux, "huyu aliyekuja ni nani?", na Linux ikisema ni postgres, anaruhusiwa kuingia kama postgres. Ndiyo sababu ukijaribu kuingia kama karani ilhali umeingia kwenye kompyuta kwa jina lingine, unapata "Peer authentication failed". Nimekuta watu wanatibu kosa hili kwa kuandika trust kwenye pg_hba.conf. Jamani, msifanye hivyo. Trust maana yake yeyote atakayefika mlangoni apite, bila hata kuulizwa. Dawa ni kuongeza -h localhost kwenye amri yako ili uulizwe nenosiri.

Tengeneza mtumiaji na kanzidata yake:

CREATE ROLE karani LOGIN;
\password karani
CREATE DATABASE akiba OWNER karani;
\l

Tumia \password badala ya kuandika nenosiri ndani ya amri, kwa sababu ukiliandika ndani ya amri linabaki kwenye historia, na linaweza kubaki kwenye logi pia. Ile \l inakuonyesha orodha. Angalia safu ya Encoding, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa. Inatakiwa iseme UTF8. Ukiona SQL_ASCII, ujue Linux yako iliwekwa bila lugha, na siku moja majina yenye herufi za kigeni yatakuchafulia kazi. Ifute sasa ikiwa bado tupu, uitengeneze tena kwa kuongeza ENCODING 'UTF8' TEMPLATE template0.

Faili langu la ofisi.conf kwa mashine ya GB 8 liko hivi:

listen_addresses = '*'
shared_buffers = 2GB
effective_cache_size = 5GB
work_mem = 16MB
maintenance_work_mem = 256MB
random_page_cost = 1.1
timezone = 'Africa/Kampala'
log_timezone = 'Africa/Kampala'

Listen_addresses yenye nyota inaiambia seva isikilize kwenye anwani zote za mashine. Ukiisakinisha tu, shared_buffers (RAM ambayo seva inajitengea) inakuja na MB 128, kidogo mno kwa mashine hii; robo ya RAM ni mwanzo mzuri. Effective_cache_size haichukui RAM yoyote, ni makadirio unayompa mpangaji wa hoja (maombi ya data) ajue ni kiasi gani cha data huenda kiko kwenye RAM tayari. Work_mem ndiyo ya kuogopa. Wengi wanaona 16MB ni ndogo wanaandika 512MB. Kiasi hicho hakihesabiwi kwa seva nzima, wala kwa mtu mmoja. Kinahesabiwa kwa kila tendo la kupanga au kuunganisha ndani ya hoja, na hoja moja inaweza kuwa na matendo manne. Makarani watano wakichapa ripoti ya mwisho wa mwezi kwa pamoja, mashine itakosa hewa.

Baadhi ya mipangilio, kama shared_buffers na listen_addresses, inataka seva iwashwe upya:

sudo systemctl restart postgresql

Ukibadilisha pg_hba.conf peke yake, reload, yaani kuisoma upya bila kuzima seva, inatosha na hakuna anayekatiwa kazi. Mstari ninaoongeza pg_hba.conf ni mmoja:

host akiba karani 192.168.1.0/24 scram-sha-256

Yaani: karani, kwenye kanzidata ya akiba tu, kutoka mtandao wa ofisi tu, kwa nenosiri lililolindwa. Seva inasoma faili hili kutoka juu kwenda chini na inaushika mstari wa kwanza unaolingana. Ukishindwa kwenye mstari huo, haiendelei kutafuta mwingine wa kukuhurumia.

Halafu fayawoli, ukuta wa kuzuia wageni wa mtandao. Fuateni mpangilio huu huu, msije mkajifungia nje:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 5432 proto tcp
sudo ufw enable

Mlango 5432 usiufungue kwa intaneti nzima hata kama mwenyekiti anataka kuona ripoti akiwa Kampala. Mwenyekiti apitie SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine kwa mbali.

Sasa turudi kwa umeme. PostgreSQL haigusi jedwali kwanza. Inaandika kwanza kwenye daftari la matukio linaloitwa WAL, faili za MB 16 kila moja, na inakujibu "nimepokea" baada ya daftari hilo kufika diskini. Hapo ndipo fsync inapofanya kazi. Kompyuta ikisema imeandika, mara nyingi imeandika kwenye RAM, diski itafuata baadaye. Fsync inaiambia, usinijibu mpaka iwe diskini. Umeme ukikatika, seva ikiwaka tena inasoma daftari na kumalizia yaliyokatika. Kwenye logi utaona "database system was not properly shut down; automatic recovery in progress". Mstari huo usikutie hofu, seva inajitibu. Ukizima fsync, daftari lenyewe haliaminiki tena, na hakuna cha kujitibia.

Kama kasi ni shida kweli, kuna mpangilio mwingine, synchronous_commit = off. Huo unaweza kukupotezea miamala ya sekunde ya mwisho, lakini hauharibu faili. Kwa data za hali ya hewa naukubali. Kwa pesa za watu siuweki.

Na nunueni UPS, ile inayounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Sakinisheni programu ya NUT ili betri ikikaribia kuisha mashine ijizime yenyewe kwa adabu. UPS isiyoongea na kompyuta inakuongezea dakika chache tu kabla ya ajali ile ile.

Bakapu nitaiandikia chini, mkono umechoka. Ulizeni.

---

Kijana_Wandegeya

Asante sana mkuu, nimesoma mara mbili. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini si MySQL? Chuoni ndiyo tuliyofundishwa. Pili, nimefuata somo moja la zamani, nikampa mtumiaji ruhusa zote kwa GRANT ALL PRIVILEGES ON DATABASE, lakini akitaka kutengeneza jedwali anaambiwa "permission denied for schema public". Nimerudia usakinishaji mara tatu.

---

Mpakani_Busia

Kijana, acha kurudia usakinishaji, hujakosea hapo. Tangu toleo la 15 la mwaka 2022, PostgreSQL iliacha kumruhusu kila mtu kutengeneza majedwali ndani ya schema (chumba cha majedwali ndani ya kanzidata) ya public. Somo lako liliandikwa kabla ya hapo. GRANT ya kwenye kanzidata inampa mtu haki ya kuingia na kutengeneza schema zake, ila haimpi haki ndani ya public. Mfanye awe mwenye kanzidata:

ALTER DATABASE duka OWNER TO kijana;

Yatosha. Mwenye kanzidata ndiye anayehesabiwa mwenye public yake.

Kuhusu MySQL, si mbaya, na kama ndiyo unayoijua, ofisi itahudumiwa vizuri. MariaDB, iliyotokana nayo, ilianzishwa mwaka 2009 na Widenius, mmoja wa walioanzisha MySQL, wakati Oracle ilipokuwa inainunua kampuni iliyokuwa inaimiliki. Mimi nilichagua PostgreSQL kwa sababu mbili. Ilianzia chuo kikuu cha Berkeley mwaka 1986 chini ya profesa Stonebraker, na hadi leo hakuna kampuni moja inayoimiliki. La pili ni ukali wake: ukiiambia safu hii ni tarehe, halafu ukaandika 31 Februari, inakataa. MySQL ya zamani ilikuwa inapokea na kuandika sifuri kimya kimya. Siku hizi nayo imekaza, lakini mimi nilishazoea huku.

---

Mutukula_Kwetu

Kaka wa Busia, shikamoo kazi. Mimi niko Mutukula, duka la jumla, kompyuta tatu. Shida yangu inanikosesha usingizi. Kila umeme ukikatika na kurudi, seva inawaka vizuri, pale pale kwenye mashine naingia. Ila kompyuta za kaunta zinakataa: "connection refused". Nikiandika restart zinaingia. Umeme ukikatika tena, yale yale. Pg_hba nimeiangalia mpaka macho yanauma. Kwenye listen_addresses nimeandika 'localhost,192.168.1.10', nikaona ni salama zaidi kuliko nyota.

---

Mpakani_Busia

Kaka, pole, na ahsante kwa kuandika ujumbe wa kosa neno kwa neno, maana jibu liko humo. Kuna milio mitatu tofauti na kila mmoja una maana yake. "Connection refused" maana yake umefika kwenye mashine lakini hakuna anayesikiliza kwenye mlango huo. Ukisubiri wee mpaka muda unaisha bila jibu, hiyo ni fayawoli inayomeza ujumbe. Ukiambiwa "no pg_hba.conf entry for host", umefika kwa seva yenyewe na imekukataa kwa jina. Wewe uko kwenye wa kwanza, kwa hiyo pg_hba ungeiangalia mwaka mzima usione kitu.

Nadhani kinachotokea ni hiki. Umeme ukirudi, kompyuta yako inawaka kabla ruta haijamaliza kuamka. PostgreSQL inataka kusikiliza kwenye 192.168.1.10, lakini anwani hiyo bado haijapewa mashine. Inaandika onyo kwenye logi, "could not bind", inaendelea na localhost peke yake, na hairudi kujaribu tena. Ndiyo maana pale kwenye mashine unaingia na kaunta hawaingii. Tafuta neno bind kwenye logi ya siku umeme ulipokatika.

Weka nyota, ulinzi uuache kwa ufw na pg_hba. Na anwani ya seva uiweke ya kudumu kwenye mashine yenyewe, usingoje ruta ikugawie.

---

Mutukula_Kwetu

Nimeiona! "could not bind IPv4 address "192.168.1.10": Cannot assign requested address". Iko kila siku ya kukatika. Nimebadilisha, nikaichomoa mashine na ruta kwa pamoja, nikavirudisha. Kaunta zote zimeingia bila mimi kugusa kitu. Mungu akubariki kaka.

---

MzeeWaBombo

Vijana wangu, mimi ni mhasibu mstaafu, kompyuta nimejifunzia ukubwani. Naomba niongeze jambo la hesabu, kwa sababu naona mafundi wanatengeneza majedwali ya shilingi kwa kunakili mifano ya dola.

Safu ya aina ya integer (namba nzima) mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa dola ni fedha nyingi mno. Kwa shilingi za Uganda, chama kikubwa cha akiba kinafika bilioni mbili, na siku salio la jumla likivuka hapo, kanzidata itajibu "integer out of range" na karani hataweza kuandika. Tumieni bigint (namba nzima kubwa zaidi), au numeric kama kuna riba yenye desimali.

Na msitumie real (namba za desimali za kukadiria) kwa fedha hata siku moja. Mjaribu wenyewe:

SELECT 20000001::real;

Mtajibiwa 2e+07, yaani milioni ishirini kamili. Shilingi moja imepotea. Mtasema shilingi moja ni nini? Mimi nimekesha ofisini mpaka alfajiri nikitafuta shilingi moja, kwa sababu mizania isiyolingana kwa shilingi moja ni mizania isiyolingana.

Namba za simu ziwekwe kama text. Ukiziweka kama namba, ile sifuri ya mbele inaliwa.

---

Mpakani_Busia

Mzee wetu, shikamoo. Haya ya bigint nilikuwa nimeyasahau kabisa na ni ya lazima. Asante.

Nimalizie bakapu basi. Tengeneza folda ambayo postgres peke yake anaifungua:

sudo install -d -o postgres -m 700 /bakapu

Bakapu ya kanzidata moja:

sudo -u postgres sh -c 'pg_dump -Fc akiba > /bakapu/akiba.dump'

Hiyo -Fc inatoa faili lililobanwa, na wakati wa kurudisha unaweza kuchagua hata jedwali moja. Pg_dump inafanya kazi makarani wakiendelea kuandika, na inachukua picha ya wakati mmoja, kwa hiyo hakuna haja ya kuwafukuza watu. Haichukui watumiaji na manenosiri yao, hao unawachukua kwa pg_dumpall --globals-only. Usisahau hili, maana siku ya kurudisha kwenye mashine mpya utakuta majedwali yanatafuta mwenyewe hayupo.

Na msinakili folda ya /var/lib/postgresql kwa flashi huku seva inakimbia. Nimeletewa flashi za namna hiyo mara tatu, zote hazikuwaka.

---

DadaWaArua

Kaka, nasoma uzi huu nikiwa na wasiwasi. Mimi ni mtunza kumbukumbu kwenye zahanati, na ndiye ninayeangalia kompyuta kwa sababu hakuna mwingine. Aliyetusakinishia aliweka bakapu ya kila siku jioni kwenye cron, programu ya kuendesha amri kwa ratiba, na akatuambia tusiwe na shaka. Baada ya kusoma ulichoandika nimefungua folda. Kuna faili moja tu, la siku ile alipokuja, mwezi wa pili. Mstari wenyewe uko hivi:

0 19 * * * pg_dump -Fc zahanati > /bakapu/zahanati-$(date +%F).dump

Nimeunakili kwenye dirisha la amri, unafanya kazi vizuri kabisa. Kwa nini jioni haufanyi?

---

Mpakani_Busia

Dada, kwanza kabla hujasoma zaidi, endesha ile pg_dump kwa mkono sasa hivi, nakili faili kwenye flashi, uiweke mkobani. Nasubiri.

---

DadaWaArua

Tayari. MB 38. Iko mkobani.

---

Mpakani_Busia

Vizuri sana. Sasa nipumue.

Kosa ni ile alama ya asilimia. Ndani ya crontab, % ni alama maalumu: cron inakata amri pale pale, na kinachobaki inakigeuza kuwa maneno ya kulishwa amri hiyo. Kwa hiyo kila jioni cron ilikuwa inaendesha kipande kilichoishia kwenye date +, mabano hayajafungwa, shell (kisoma amri) inakataa kabla hata pg_dump haijaanza. Malalamiko yake yanatumwa kwa barua pepe ya ndani ya mashine, na kama mashine haina huduma hiyo, yanatupwa. Tafuta kwenye /var/log/syslog, nadhani utakuta "No MTA installed, discarding output" kila saa moja jioni. Weka mkwaju wa kinyume (\) mbele ya asilimia:

0 19 * * * pg_dump -Fc zahanati > /bakapu/zahanati-$(date +\%F).dump

Mstari huo ukae kwenye crontab ya postgres, unaifungua kwa sudo crontab -u postgres -e.

Mnaosoma, nendeni mkafungue folda zenu sasa hivi. Usiridhike kwamba mstari wa cron upo. Hesabu faili, angalia tarehe, angalia ukubwa. Na halafu rudisheni moja kwenye kanzidata ya majaribio:

sudo -u postgres createdb jaribio
sudo -u postgres pg_restore -d jaribio /bakapu/faili-la-jana.dump

Weka jina la faili lako. Ingia ndani, hesabu mistari ya jedwali kubwa, linganisha na ile hai. Mimi nafanya hivi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kwa kila mteja, na sikubali kulipwa kabla sijaifanya.

Dada, kwa kuwa ni zahanati, kuna la ziada. Nakala moja itoke nje ya jengo, lakini isitoke uchi. Hizo ni habari za wagonjwa, na sheria ya Uganda ya ulinzi wa data binafsi ya mwaka 2019 inamtaka anayezitunza azilinde. Ifunge kwa gpg -c kabla ya kuiweka kwenye flashi, na nenosiri la kuifungulia alijue na mganga mkuu pia, likae kwenye bahasha kabatini kwake. Usibaki nalo peke yako.

---

DadaWaArua

Mstari wa "discarding output" upo kweli, kila siku tangu mwezi wa pili. Nimehesabu nikaacha.

Kaka, kuna kitu kingine kimenisumbua muda mrefu, labda kina uhusiano. Mtoto akizaliwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, rejista ya kompyuta inamwandika wa Jumatatu. Nimekuwa nasahihisha kwa mkono kila mara, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo mama anaenda nayo kuandikisha cheti.

---

Mpakani_Busia

Kina uhusiano na ile mistari miwili ya mwisho kwenye ofisi.conf yangu. Andika SHOW timezone; ndani ya psql. Nadhani utajibiwa Etc/UTC. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo saa saba na nusu usiku yetu, kwa seva bado ni 22:30 ya jana, na current_date inatoa tarehe ya jana. Watoto wote wanaozaliwa kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa wanarudishwa siku moja nyuma.

PostgreSQL hushika majira ya saa siku inaposakinishwa, ikayaandika kwenye mipangilio yake. Kwa hiyo ukibadilisha ya Linux peke yake kwa timedatectl, kanzidata haibadiliki. Badilisha zote mbili, kisha uiwashe cron upya nayo, la sivyo itaendelea na majira ya zamani na bakapu yako ya 19 itaenda saa nne usiku.

Safu za muda ziwe timestamptz, aina inayojua majira ya saa. Na zile tarehe za zamani usizirekebishe kwa amri moja ya jumla, kwa kuwa baadhi umeshazisahihisha kwa mkono, utazisogeza mara mbili. Pitia na daftari la wodi.

---

DadaWaArua

Narudi na ripoti. SHOW timezone ilisema Etc/UTC kama ulivyosema. Sasa inasema Africa/Kampala. Jana saa moja jioni nilikaa mbele ya folda nikingoja, saa moja na dakika moja faili likatokea. Leo asubuhi nimelirudisha kwenye jaribio. Jedwali la wagonjwa mistari 6,412, hai ina 6,415. Wale watatu wameandikishwa leo asubuhi. Nimewatafuta kwa majina, ni wao.

Nimemwonyesha mganga mkuu. Bahasha ameifunga mwenyewe kwa gundi, akaisaini juu. Daftari la wodi tumeanza nalo kuanzia Januari, mimi nasoma, muuguzi wa zamu anaangalia kwenye skrini. Hadi mchana tumepata watoto kumi na mmoja.